Gobore la Watu wa Rweya

Nguruwe pori ndio walionitoa nyumbani. Miaka ile ya vijiji vya ujamaa tulikuwa tumeteremka kutoka Kamachumu, kila mtu akiacha kibanja cha baba yake chenye migomba na mibuni, tukaanzisha kijiji kwenye rweya, ile nyika ya majani matupu ambako zamani tulikwenda kukata nyasi za kutandika ndani ya nyumba. Mahindi yetu ya kwanza ya pamoja yaliliwa na nguruwe kabla hatujaonja hata hindi moja la kuchoma. Familia kadhaa zikafunga mizigo zikarudi juu. Msimu wa pili mahindi yalipoanza kubeba, mke wangu Adventina aliniambia bila kupandisha sauti, "Ishengoma, wakila na haya, mimi na watoto tunarudi kwa baba. Wewe utabaki na nguruwe wako." Adventina si mtu wa vitisho. Akisema jambo, ujue amekwisha kuliamua.

Kwa bahati kijiji kilikuwa kimepata kibali cha gobore moja, na kwa kuwa mimi ndiye mlinzi wa shamba, nikatumwa Bukoba kulichukua. Asubuhi ya kuondoka, mwenyekiti wetu Ta Rwiza, mwindaji tangu ujana wake, alinishika mkono mbele ya kamati nzima.

"Leta fupi," aliniagiza. "Na mdomo wake uwe mpana, kidole gumba kiingie bila kusukuma. Unashindilia vipande vya risasi, unafyatua, kazi imekwisha. Usituletee kitu kingine."

Kamati ikaitikia, nami nikaitikia. Nani angebisha? Ta Rwiza aliua nguruwe wengi kabla mimi sijaota ndevu.

Kamachumu nilifika kwa miguu, magoti yakilalamika kwa kile kilima, nikapata basi la kwenda mjini. Kutoka hapo hadi Muhutwe na kuendelea, dirishani sikuona kitu ila migomba. Migomba huku, migomba kule, na nyumba zimejificha ndani yake. Nikawa namwaza nguruwe wa kibanjani. Huyo humwoni mpaka amefika miguuni pako, na ukimkosa hapo ameshapotea nyuma ya mgomba wa pili. Kwa nguruwe wa namna hiyo maneno ya Ta Rwiza yalikuwa sawa kabisa: mtutu mfupi usiogonga majani, na tundu pana la kumwaga risasi nyingi kwa mara moja. Lakini nguruwe wangu mimi hawafiki miguuni. Juu ya kichuguu nilikojenga kibanda changu cha ulinzi nawaona wakipanda kutoka kichaka cha bondeni, wanasimama ukingoni mwa shamba, wananusa. Nikishuka tu kuwafuata, wameshaondoka. Wazo hilo liliniingia pale Muhutwe, na mpaka basi linaingia Bukoba lilikuwa halijanitoka.

Usiku ule nililala mtaa wa Nshambya, pale pale mjini, kwa shangazi yangu, Ma Kokunura. Kabla ya habari zozote alinipa kahawa ya kutafuna, kama ilivyo desturi yetu kwa mgeni, kisha akanikagua kuanzia juu mpaka chini.

"Mwana wa kaka yangu, umekwisha! Huko kwenye ujamaa mnakula nini?"

"Tunakula matumaini, shangazi."

"Basi leo kula ndizi. Matumaini utayakuta huko huko."

Nilikula mpaka nikaona aibu, na shangazi hakuonyesha dalili ya kuacha kupakua.

Asubuhi iliyofuata, katika mtaa mwingine wa mji uitwao Bakoba, nilimkuta fundi wa magobore aliyeelekezwa na kamati, Ta Kamugisha, mzee mwenye sauti kubwa na mikono mikubwa zaidi. Ukutani alikuwa ameegemeza magobore matatu. La kwanza lilikuwa fupi, na tundu lake lilimeza kidole gumba changu. La pili, nilipolisimamisha kitako chini, mtutu wake ulinifika kidevuni, na tundu lilitosha kidole cha kati. La tatu lilikuwa zuri ajabu, lina pete za shaba, refu kunipita kichwa, lakini tundu lake lilikubali kidole kidogo peke yake.

"Wewe chukua hili," alisema Ta Kamugisha, akinitupia lile fupi mikononi. "Wahaya wote wanachukua hili."

"Naomba niyapige kwanza, waitu," nilimwambia kwa heshima.

Alinuna. Lakini mteja ni mteja, tukabeba yote matatu hadi kwenye mteremko wa majani nje ya makazi, tukasimamisha kipande cha mgomba uliokwisha kuvunwa. Fundi akataka nisimame karibu. Nikarudi nyuma, nikarudi tena, mpaka mgomba ukaonekana mdogo kama nguruwe ninavyomwona kutoka kichuguuni.

"Huko unampiga nani?" alifoka.

"Nguruwe wangu yuko huku."

Lile fupi lilinguruma, likanisukuma bega nusura nikae chini. Tulipokwenda kuangalia, vipande vya risasi vilikuwa vimetawanyika majanini, na kwenye mgomba vimebaki viwili, vimekwama ganda la juu tu. Na baruti lilikuwa limekula nyingi mno. Lile refu lenye shaba lilipiga mbali na sawasawa, lakini kulishindilia ilinibidi nisimame wima na kuinua mikono juu ya kichwa. Nguruwe gani atakusubiri umalize? Tena gololi yake ndogo inafaa kanga. La kati nililijaza nikiwa nimepiga goti. Mtutu wake ulikuwa na urefu wa kutosha kuitumia baruti yote na kuniongoza jicho, na tundu lake lilibeba gololi moja nzito iliyokaa vizuri ndani, isiyocheza. Nilipofyatua, mgomba ulitoboka upande hadi upande.

Ta Kamugisha alitia kidole kwenye tundu la mgomba. "Hata hivyo," alisema, "kamati yako itakufukuza."

Nami nililiogopa hilo hilo. Nililichukua la kati.

Njiani kurudi sikulala usingizi hata kidogo ndani ya basi. Kijijini walinisubiri uwanjani kama wanasubiri bibi harusi. Ta Rwiza alilipokea gobore, akahakikisha halina kitu, akajaribu kidole gumba. Hakikuingia. Akajaribu tena.

"Nilikutuma gobore," alisema, "umetuletea fimbo ya kuchungia ng'ombe."

Watu wakacheka. Adventina hakucheka, na hakuniangalia. Moyo uliniuma, lakini sikurudi nyuma. Nikawaambia, "Ta Rwiza, wewe uliwinda kibanjani. Mimi nalinda rweya. Nipeni asubuhi moja."

Alfajiri nikiwa kichuguuni walipanda kutoka bondeni, dume kubwa mbele. Lilisimama ukingoni mwa mahindi likanusa, kama kawaida yake. Sikushuka. Niliegemeza mtutu kwenye nguzo ya kibanda, nikavuta pumzi, nikafyatua. Moshi ulipoondoka, wenzake walikuwa wanatimua majani kurudi kichakani, na dume limelala pale pale liliposimama.

Kijiji kizima kilikuja. Ta Rwiza alitembea polepole kutoka kichuguuni hadi kwa nguruwe, akageuka, akakitazama kibanda kule mbali. Kisha akasema kwa sauti ya kusikika na wote, "Umbali huu mimi sijawahi kuua kitu." Nguruwe walijaribu tena mara mbili tatu msimu ule, wakaona ni heri wahame.

Nilichojifunza katika safari ile nakisema kwa majivuno, na asiyependa majivuno yangu anisamehe: tulikuwa tumehama kwa miguu tu, macho yetu bado yalikuwa yanapima kila kitu kwa migomba. Mtutu na tundu lake havichaguliwi kwa sifa za mwindaji wala desturi ya fundi. Unajiuliza utakaa wapi na mnyama atasimama wapi.

Siku ya kuvuna, shamba likiwa limejaa watu na vikapu, mgeni mmoja kutoka Kamachumu aliuliza gobore zuri namna ile lilichaguliwa na kamati gani. Kabla sijafungua mdomo, Adventina aliinua kichwa kutoka kwenye mahindi.

"Kamati ilikataa," alisema. "Lilichaguliwa na mume wangu."