Karani wa Mkutano wa Mfereji

Naandika haya uso wangu ungali moto. Januari niliapa kuchora picha moja kila mwezi kwa kalamu ya kuchovya na wino mweusi, nisiruke hata mwezi mmoja. Jana ilikuwa siku ya mwisho ya Novemba na sikuwa na kitu.

Basi nikaenda kwenye mkutano wa majirani kuhusu mfereji wetu wa maji uliokauka hapa Maringo, maana watu wakizozana hawaniangalii. Nikajibanza pembeni na daftari, nikamchora mwenyekiti, Mzee Kamau. Alikuwa amevua kiatu kinachombana, na kidole gumba kilichungulia kwenye tundu la soksi.

"Mwoneni Wambui anavyoandika!" akasema ghafla. "Hiyo ndiyo faida ya sekondari. Tumepata karani!"

Wakapiga makofi. Kichwa changu kikaitikia chenyewe.

"Andika hilo, karani!" wakawa wananiambia kila mara, nami kila nikiambiwa naongeza uzi mmoja kwenye soksi.

Mwishowe Mzee akasimama. "Haya, karani, tusomee tuliyokubaliana. Kesho tunayapeleka ofisi ya maji."

Nikalifunika daftari kwa kiganja. Mzee akalichukua mwenyewe. Akalitazama, akautazama mguu wake, akalitazama tena.

"Huyu ni mimi?"

"Ni wewe, Mzee," nikasikia sauti yangu ikisema mbele ya mtaa mzima. "Lakini keti kidogo, tafadhali. Sijamaliza kidole."