Mlima Niliouchora Opala

Mwaka ule wa maasi, mkurugenzi wa shule yetu ya Kisangani alinituma Opala. Vita au si vita, alisema, wanafunzi wa kule lazima wajue umbo la Kongo. Yeye mwenyewe alibaki kulinda chaki.

Asubuhi nilivuka mto Kongo kwa mtumbwi mpaka Lubunga, ng'ambo ya pili, ramani mgongoni. Niliichora mwenyewe juu ya kitambaa: mashariki milima ya Kivu na volkano zake, kusini nyanda za juu za Katanga na mawe yake ya shaba, katikati bonde kubwa tambarare, udongo na mchanga uliosombwa na mito tangu zamani za kale. Nilijiona msomi kweli.

Siku ya tatu kwa baiskeli, karibu na mto Lomami, waasi walikuwa wamefunga njia. Kamanda wao, mwana wa Opala, aliikunjua ramani.

"Mwalimu, Kivu iko na milima?"

"Ndiyo, chef."

"Na Katanga iko juu?"

"Iko juu, chef."

"Alors, sisi tu ndiyo tuko chini, kama ndani ya sahani? Nani alikutuma kututukana?"

Nikaanza kueleza habari za mito. Askari mmoja akaninyooshea bunduki. Nikaacha mito.

"Weka mulima," akasema kamanda.

Jamani! Nilichora mlima pale Opala kuipita hata ile ya Kivu, na theluji nikaongeza bila kuombwa. Kamanda akafurahi, akanipa yule askari anisindikize, asikilize na somo.

Jioni tulifika Opala. Mwenyeji wangu, Papa Lokwa, mvuvi, aliitazama ramani sana.

"Mulima huu iko wapi, mwalimu? Mimi nilizaliwa hapa. Hata jiwe la kunolea panga tunatoa mbali."

Nikamwonyesha askari kwa jicho.

"Ah bon," akasema. "Basi iko nyuma ya mihogo yangu."

Kesho yake nilifundisha, askari mlangoni. "Opala," nikasema, "ni nchi ya mlima mrefu." Nje ya dirisha ardhi ilikuwa sawasawa mpaka upeo wa macho. Nilingoja hata mwanafunzi mmoja acheke. Wallahi, nilitamani acheke! Wote waliinama, wakaandika.

Nilirudi Kisangani mzima. Mkurugenzi akaniuliza kama watoto walielewa.

"Walielewa upesi kuliko darasa lolote nililofundisha," nikamjibu, na nikaona haya kumtazama.