Mapanki ya Nyakato

Jana, katika mgahawa wangu huu unaosifiwa magazetini, msaidizi alifunua sufuria ya mifupa ya sangara aliyoichemsha kwa ajili ya supu ya wageni. Harufu iliponifikia, nikatoka nje.

Nilikuwa na miaka kama saba. Mama alikaanga mapanki kando ya barabara pale Nyakato, yaani vichwa na mifupa ya migongo ya sangara vinavyobaki kiwandani minofu ikishaondolewa. Siku moja yalikuwa yamekaa juani hadi yakaingia funza. Mama aliyakung'uta tu, akayatumbukiza kwenye mafuta meusi.

Mteja mmoja, mwanamke wa rika lake, akalinusa karai. "Haya si yameoza?"

"Hayajaoza, dada. Hata mwanangu anakula." Akanikabidhi kichwa. "Kula, mwanangu."

Nilitafuna. Kitu laini kikapasuka chini ya jino, kichungu, mate yakanijaa mdomoni. Nikameza.

"Matamu," nikasema.

Yule mwanamke akanunua manne, ya watoto wake. Alipoondoka nilitapika hadi puani. Mama akanifuta kwa kanga yake, akaninong'oneza huku anatabasamu, "Umesema vizuri sana."