Maziwa Yaliyoanikwa Juani

Juzi nilimuona kwenye runinga mama mmoja wa Ulaya mwenye kovu la operesheni shingoni. Kinu cha umeme wa nyuklia kiliripuka jirani na kijiji chao, na hakuna aliyewaambia wasiwape watoto maziwa yaliyoingia sumu yake. Mwanawe keshamzika. Nikazima runinga, na harufu ya maziwa ya unga ikanijia puani.

Kinu kile kiliporipuka nilikuwa mdogo, kwetu mtaa wa Malindi. Redio ilisema maziwa ya unga ya kutoka Ulaya yana sumu, na bibi yangu alikuwa na mfuko mzima alionunua sokoni Darajani. Akaumwaga kwenye jamvi uani, kama tunavyoanika mchele ulioingia fukusi ili wadudu watoke. Nikachutama pembeni katika harufu ile tamu, nikiingoja sumu itoke itambae.

"Bibi, mbona haitoki?"

"Jua litaiua, mjukuu wangu. Ntakunywa mie kwanza. Nkifika magharibi mzima, na nyie mtakunywa."

Alifika mzima. Tukanywa, tukalamba na vikombe.

Leo najua kwamba sumu ile haifi juani, wala haina haraka, hungoja miaka. Kama ilikuwemo katika mfuko wetu ule, sijui mpaka leo, maana hakuna aliyekuja kutupima wala kutuuliza hali. Hilo ndilo linalonichoma. Waliotupakilia mifuko ile melini walikuwa na vyombo vya kupimia, na hawakutwambia neno. Bibi yangu hakuwa na kipimo ila tumbo lake, na ndilo alilolitanguliza.