Kioo Nilichokisoma Vibaya

Siku ya kwanza kazini nilivaa koti jeupe lililopigwa pasi mpaka mikunjo ikasimama. Mkuu wa Maabara, Mmakonde asiyependa maneno mengi, alinikalisha mbele ya hadubini.

"Makohozi haya tumeyapaka kwenye kipande cha kioo na kuyatia rangi. Vyote vitakuwa bluu, ila bakteria wa kifua kikuu ni vijiti vyekundu. Usipoviona, mtu anarudi kwake na ugonjwa. Umeelewa, binti?"

Nilielewa. Nilisoma vioo kwenye zahanati ya karibu na bandari, nikahamishiwa Magomeni, kisha Kariakoo, nilikokaa mpaka nikastaafu. Wenzangu waliniita Jicho, nami jina hilo sikulikataa.

Miaka yangu ya mwisho kituo chetu kiliingizwa kwenye utafiti. Kompyuta yenye akili unde ilisoma picha za eksirei, mimi nikasoma makohozi ya wagonjwa walewale. Hakuna aliyeonyeshwa jibu la mwenzake. Majibu yakipishana, kioo kinasomwa upya.

Asubuhi moja Mtafiti Mkuu, daktari wa umri wa mwanangu, alikuja na kioo mkononi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Mashine inasema huyu kifua chake kina kasoro. Wewe umeandika hakuna kitu. Naomba urudie."

Nilichukia, nisiseme uongo. Kitu cha juzi kinisahihishe mimi! Nikainama kwenye hadubini huku nimeshaandaa maneno ya kumjibu. Bluu, bluu, bluu. Kisha pembeni kabisa, vijiti vitatu vyekundu. Nikavihesabu mara mbili.

Muuguzi wa zamu, aliyekuwa amesimama nyuma yangu, akaninong'oneza, "Andika kioo kilikuwa kichafu, dada. Yaishe."

Nikachukua fomu, nikaandika: *Msomaji alikosea.* Nikatia saini. Halafu nikamwambia muuguzi, "Twende tukamtafute."

Mgonjwa alikuwa Mama Neema, Mchaga muuza mashuka ya jumla, mitaa miwili tu kutoka kituoni. Tulimkuta anakohoa, mjukuu amelala juu ya marobota.

"Si mlisema mimi mzima?"

"Mimi ndiye niliyesema, mama, na nilikosea. Nimekuja kukuchukua."

Akamwita jirani, "Niangalizie duka!"

Alimeza dawa miezi sita akapona. Mjukuu alipewa dawa za kinga, hakuugua.

Vijana mnaoingia maabara leo mnaniuliza kama mashine itawanyang'anya kazi. Hilo sijui. Ninachojua ni kwamba ile yetu nayo ilikosea, tena zaidi ya mara moja, nami niliikamata. Makosa yake na yangu yaliandikwa kwenye daftari moja, ndiyo maana matokeo yetu yaliaminika.

Wiki yangu ya mwisho kazini, tulikusanyika ukumbini kusikiliza matokeo hayo. Mtafiti Mkuu alisoma orodha ya makosa, na alipofika kwenye kioo kile alisita, akanigeukia.

"Mama, hiki nikisome?"

Nikasimama mbele ya watu wote.

"Kisome. Na jina langu ulitaje."