Mbio na Kahawa Viliiva Pamoja

Nakumbuka asubuhi moja ya msimu wa kahawa, huku Hasamba, mama mkwe wangu alinitoa bwawani kwa mti wa kukorogea kahawa, kama anavyovutwa mbuzi aliyetumbukia. Mwanangu, wewe ninayekuona ukipita Mlowo na baiskeli yako nyembamba, umeinama hata salamu huitikii, kaa kidogo nikusimulie. Darasani sikukaa sana, kwa hiyo nitaandika ninavyoongea. Na majina nitayataja, maana walioniumiza wana majina.

Mimi nilizaliwa Kamsamba, karibu na mto Momba. Kuogelea hatukufundishwa na mtu. Tulikuwa tunacheza majini na mmoja wetu yuko juu ya mti anaangalia mamba. Nikaolewa huku juu Hasamba na Yohana, kazi yangu ikawa kupeleka ndizi Mlowo kwa baiskeli. Kwenye mlima vijana wanashuka kwenye baiskeli zao wanasukuma, mimi nawapita na mkungu wangu nyuma. Wananitania, "Mama Atu, umeiba nini? Mwenye mali yuko wapi?" Nami nawajibu, "Nimeiba shemeji yako, nifukuze basi!"

Hapo ndipo Fadhili aliponiona. Alikuwa mtu wa malori pale Tunduma, mpenda michezo, anakusanya watu wa kwenda kushindana ziwani, Kyela. Akanieleza mchezo wenyewe: unaogelea ziwani, ukitoka unarukia baiskeli, ukishuka kwenye baiskeli unakimbia kwa miguu mpaka jua linachoka. Nilicheka sana. Nikamwambia, "Kaka, hiyo si ndiyo siku yangu ya kawaida? Kumbe huko mnatoa na zawadi?"

Nilicheka, lakini moyo ulishaingia. Tangu niolewe hakuna mtu aliyewahi kuniuliza naweza nini. Walikuwa wanauliza tu kama nimeshamaliza.

Sasa sikia kosa la Fadhili. Mazoezi aliyapanga mwezi wa saba, shamba zima likiwa jekundu, na hakuuliza. Kahawa, mwanangu, ukiichuma leo unaimenya leo. Ikilala na maganda yake imeharibika. Ukishaimenya unailoweka, unaiosha, unaianika kwenye kichanja, halafu unaigeuza kwa mikono mchana kutwa, na jua likiwa kali unaifunika isipasuke. Huwezi kuiambia ningoje naenda kukimbia. Nilipomweleza Fadhili, akasema, "Nyumbani usiseme kitu, dada. Wakijua watakukatalia." Maneno hayo ndiyo yalikaribia kuniua.

Nikawa nakimbia alfajiri kabla watu hawajaamka, nachuma, namenya, namnyonyesha mwanangu Atu, jioni napeleka ndizi. Yohana alishapata habari kwa watu. Unafikiri alisema nami? Alikwenda kilabuni akajisifu, "Mke wangu huyo, anakwenda ziwani!" Akirudi anauliza maji ya kuoga yako wapi. Ndoo hajawahi kunyanyua.

Basi asubuhi ile niliyoanza nayo, niliingia bwawani kufanya mazoezi bila kula. Katikati mguu ukakaza, wa pili nao ukafuata. Nikameza maji. Nikashika majani ya ukingoni, nayo yananikatikia mkononi. Kwa bahati mama mkwe alikuwa mferejini, chini kidogo ya bwawa. Alikuwa ameikuta kahawa niliyoiloweka nikaiacha mpaka inanuka, akaichukua mwenyewe kwenda kuiosha. Alisikia maji yanapigwa ovyo, akaja na ule mti wake mrefu.

Nilijua nitatukanwa. Aliniacha nikohoe mpaka nikamaliza, ndipo akauliza, "Umekula?"

"Hapana, mama."

"Nani anajua uko hapa?"

"Fadhili."

"Fadhili ndiye atakayekuzika?"

Akanifunika kitenge chake, akasema, "Kuogelea sijakukataza. Nakukataza kufa kimyakimya kama mwizi. Simama, twende nyumbani."

Kwetu kuna desturi: mwenye kahawa iliyotangulia kuiva, majirani wote wanahamia kwake kuchuma, halafu wanakwenda kwa mwingine. Siku hiyo zamu ilikuwa yetu, kwa hiyo watu walikuwa wamejaa uwanjani. Mama mkwe akasimama kando ya kichanja.

"Jana tulikuwa kwa mama Neema kwa sababu kahawa yake imeiva. Kuna aliyenuna?" Akaninyooshea kidole. "Huyu naye kaiva. Ana msimu wake, tukiuacha utadondoka chini. Gawaneni kazi zake mpaka arudi kutoka ziwani. Akirudi atachuma kwenu."

Yohana akaruka. "Mama, mimi nibebe mtoto mgongoni, nigeuze kahawa? Watu watanicheka!"

"Wacha wakucheke. Kilabuni si ulisema ni mke wako?"

Uwanja mzima ulicheka, hata mimi niliyekuwa bado nimelowa. Na mimi sikupona, nikapewa masharti yangu. Aliniambia baiskeli nifanyie mazoezi na ndizi zangu zilezile, bwawani nisiingie bila mtu ukingoni, na kabla ya kula nisitoke mlangoni. Fadhili naye aliitwa. Alikuja na viatu vyeupe, akakabidhiwa mpini wa mashine ya kumenyea kahawa azungushe mpaka ajue mwezi wa saba ni nini.

Ziwani nilikwenda, na nilimaliza. Sikuwa wa kwanza, na sikukosa usingizi kwa hilo. Ninachokikumbuka zaidi ni kurudi. Nilimkuta Yohana kwenye kichanja, Atu amelala mgongoni kwake, mikono inageuza kahawa. Watu wamesimama barabarani wanamcheka, naye hageuki hata kuwaangalia. Akaniuliza, "Umemaliza?" Nikasema nimemaliza. "Basi pokea mtoto, kahawa bado." Sijawahi kumwona mzuri kama siku ile.

Ningeishia hapo ingekuwa vizuri. Lakini mwaka uliofuata mama mkwe alifariki kahawa ikiwa bado kijani. Nilipomkumbusha Yohana kwamba msimu wangu unakaribia, alijibu, "Ule ulikuwa mpango wa mama." Fadhili akachukua watu wengine, akaniletea salamu kwamba mwenye mzigo wa nyumbani hafai safari zake. Majirani waliona aibu, lakini nani angeingilia? Nilipata msimu mmoja tu. Namtaja Fadhili aliyenifundisha kujificha, namtaja Yohana aliyeizika ahadi pamoja na mama yake. Miguu hii ilikuwa bado na nguvu.

Kwa hiyo, mwanangu, sikuambii uache. Napenda ninavyokuona ukiupanda ule mlima, na najua kinachokutoa kitandani. Nakuambia anzia nyumbani kusema, kabla hujamwambia mtu wa mazoezi. Kaa na mwenzako mjiulize pamoja: mwezi huo nyumba yetu ina kazi gani, mtoto atakuwa na nani, na mwenzangu msimu wake ni lini? Maana naye anao. Ukibebewa kazi leo, kesho nenda ukabebe. Na mapatano yawe ya vinywa vyenu wawili. Msiegemee huruma ya mzee mmoja, maana wazee tunaondoka. Nawe unayebaki nyumbani, usijisifu kilabuni kwa mtu ambaye hujamchotea maji.

Mungu akupe pumzi ya kufika unakokwenda, na akurudishe salama. Ukirudi, ukute kuna mtu amesimama kwenye kichanja chako kwa kupenda, wala si kwa kuamriwa, na mtoto akisikia sauti yako nje, ajue ni yako.