Fiola Sita, Kurasa Zisizofunguliwa Pamoja

Saa mbili asubuhi, nyumbani kwa Mama Noti hakuna ruhusa ya kugusa meza. Wino haujakauka. Karatasi zimetandazwa mpaka juu ya kitanda na juu ya cherehani. Mumewe, ambaye mchana ni seremala na jioni hupiga fiola, ndugu mkubwa wa fidla, katika okestra ya mji, anakunywa chai amesimama.

"Mke wangu, leo nikae wapi?"

"Kaa karakanani kwako."

Mama Noti anacheka bila kuinua macho. Mkononi ana rula, kalamu ya wino mweusi na wembe wa kukwangulia makosa. Kazi yake ni kunakili noti. Mtunzi huandika muziki wa okestra nzima kwenye karatasi moja kubwa. Yeye huitoa humo sehemu ya kila mpigaji na kuiandika upya kwa mkono, ili kila mtu asome yake.

Ukurasa anaoumalizia ni wa Simfonia ya Tatu ya mtu ambaye mtaa mzima unamwita Mzee wa Filamu. Nyimbo zake za filamu zimo kwenye miluzi ya wauza duka, ya madereva, hata ya watoto wasiojua kwamba zina mwenyewe. Lakini kati ya filamu na filamu, mzee huyo alitunga simfonia tatu, muziki mrefu wa okestra usio wa filamu yoyote. Waulize hao wapiga miluzi. Hawazijui hata moja.

Leo saa tisa alasiri okestra ya mji itaijaribu hii ya Tatu, mara moja tu. Ikipigika, itaingia kwenye onyesho la Jumamosi. Isipopigika, itarudi kabatini, na mtunzi wake hana muda wa kusubiri. Sikio lake la kushoto limeshazima. La kulia, daktari amemwambia ajiandae kuliaga.

"Muziki wote huo ameusikia kichwani tu," anasema Mama Noti. "Mtu apike karamu nzima, aondoke bila kuonja?"

Simfonia hiyo iliwahi kujaribiwa miaka mingi iliyopita, ikakwama katikati. Kuna mahali ambapo fiola hupiga kurasa kadhaa bila pumziko lolote. Mpigaji ana mikono miwili na yote ina kazi. Akitaka kufungua ukurasa, lazima anyamaze. Wapiga fiola wote sita walikuwa wamepewa nakala za mashine zilizotolewa kwenye karatasi moja. Wakafika chini ya ukurasa pamoja. Wakanyamaza pamoja. Muziki ukatumbukia shimoni.

"Nilikuwepo," anadakia mumewe. "Tulifungua kama darasa la watoto. Fraa! Halafu kimya. Mpiga tarumbeta alicheka mpaka akakohoa. Huyu mzee wenu anadhani mtu ana mkono wa tatu."

"Wewe unao. Ule unaochukua nyama kwenye sahani yangu."

Kiongozi wa okestra wa wakati huo alimwomba mzee aweke pumziko. Mzee alikataa, akakusanya karatasi zake, akaondoka.

Wengi walisema ni kiburi. Mama Noti anatikisa kichwa. "Kwenye filamu, mlango ukifungwa, muziki unakatwa. Mtu akifungua mdomo, muziki unashushwa. Amekatwa maisha yake yote. Ameandika kitu kimoja kisichokatika, na hapo tena anaambiwa akate? Mimi simkati."

Ana sababu ya kusema hivyo. Alipokuwa msichana alifagia studio walimorekodi muziki wa filamu. Baba yake alikuwa mchora mabango, kwa hiyo alijua kuandika herufi zilizonyooka. Siku moja aliandika kibao cha kuwatahadharisha watu kwamba sakafu imelowa. Siku hiyohiyo mnakili wa noti aliugua. Mzee akasimama mbele ya kile kibao, akauliza nani kaandika.

"Nikajua kazi imekwisha," anakumbuka. "Akaniambia, 'Binti, weka ufagio. Njoo nikujulishe kwa vichwa vyeusi na vichwa vyeupe.' Noti ndizo alizoziita hivyo."

Malipo ya ukurasa mmoja ni madogo, lakini kurasa zimewasomesha mabinti wake wawili na kumjengea vyumba vitatu. "Nikila, namkumbuka. Nikilala, pia. Nitamshukuru kwa maneno mpaka lini?"

Dawa ya lile shimo aliipata nyumbani kwao. "Mama yetu alipougua, sisi dada watano tulipeana zamu. Mmoja akitoka kupumzika, wengine wamebaki. Mama hakukaa peke yake hata kidogo. Sasa hawa fiola, kwa nini watoke wote?"

Basi ameandika nakala sita, moja moja, kwa mkono. Noti ni zilezile. Kinachotofautiana ni mahali ukurasa unapoishia: huyu mapema, yule mbele kidogo, mwingine mbele zaidi.

Saa tisa, ukumbini, Mzee wa Filamu anakaa kiupande katika safu ya mbele, sikio la kulia likielekea jukwaani. Kiongozi wa okestra, mama mmoja asiyependa maneno mengi, anainua kifimbo. "Mara moja, jamani. Ikishindikana, tusioneane aibu."

Pale ilipokwama zamani panakaribia. Mama Noti anakamata kiti cha mbele yake kwa mikono miwili. Mpiga fiola wa kwanza anafungua ukurasa, watano wanaendelea. Anarudi, wa pili anafungua. Seremala analamba kidole, anafungua, anadaka noti yake. Sauti haijatoboka. Inazidi kwenda, pana na nzito, mpaka mwisho wake.

Kiongozi anashusha kifimbo. "Jumamosi," anasema. "Na asante, Mama."

Mzee hajainuka. Anamwita Mama Noti kwa mkono.

"Binti, pumziko uliliweka wapi? Sikulisikia."

"Sikuliweka."

"Halipo kweli, au ni hili sikio?"

"Halipo, Mzee."

"Tuulize sisi tunaoumwa mikono!" seremala anapaza sauti jukwaani. Mzee anaanza kucheka, kisha anajifuta macho, kisha anacheka tena.

Jumatatu Mama Noti anataka kuanza kunakili Simfonia ya Kwanza, na baada yake ya Pili, maadamu sikio bado lipo. Mzee anaikataa ile ya Kwanza. Anasema ni mbaya, ni kazi ya kijana mwenye hasira, bora ibaki chini ya kitanda.

"Iwe nzuri, iwe mbaya, aisikie mwenyewe kwanza," anasema Mama Noti. "Akishaisikia, akitaka kuichoma, kiberiti nitampelekea mimi."